Mwandiko mzuri huanza kabla ya penseli

Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi wa madarasa ya awali, picha ya daftari inaweza kuharibu jioni ya nyumba nzima. Mzazi mmoja anatuma ukurasa wa mwanawe wa miaka minne, herufi zimepangwa kama askari wa gwaride. Mwingine anautazama, kisha anamgeukia wa kwake ambaye "a" yake inafanana na yai lililopasuka. Vita inaanza mezani: kaa sawa, shika vizuri, futa, andika tena, jaza ukurasa.

Kinachofuata kinajulikana. Mtoto analia, mzazi anachoka, daftari linatoboka kwa kufutwafutwa. Baada ya wiki chache, mtoto akiambiwa alete daftari anasema tumbo linamuuma. Mwandiko wake haujabadilika, lakini kuna kitu kimebadilika: ameshaamini kwamba yeye hajui kuandika. Imani hiyo ni ngumu kufuta kuliko herufi yoyote.

Tatizo huanzia kwenye namna watu wazima wanavyouelewa mwandiko mbaya wa mtoto mdogo. Huchukuliwa kuwa ni tabia: uvivu, utundu, kutokuwa makini. Mara nyingi si tabia. Ni mkono ambao bado haujakomaa, au ni njia ya kuchora herufi ambayo mtoto hakuwahi kuonyeshwa. Yote mawili yanaweza kushughulikiwa nyumbani bila fimbo, na karibu bila gharama yoyote.

Mwandiko bado una kazi

Wapo wazazi wanaojiuliza kama inafaa kuhangaikia mwandiko katika zama hizi za simu na kompyuta. Inafaa, kwa sababu shule bado inaendeshwa kwa mkono. Mwaka 2015 Tanzania ilianza kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili unaoweka mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtoto huyo huyo akifika darasa la nne anakutana na upimaji wa taifa, ambako majibu huandikwa kwa mkono na kusomwa na mtu asiyemfahamu. Msahihishaji hawezi kumuuliza kama alikusudia "toka" au "taka", "nje" au "uje".

Kuna sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichunguza ubongo wa watoto wa miaka mitano ambao walikuwa bado hawajajua kusoma. Watoto hao walijifunza herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe, kufuatisha herufi zilizokwisha kuchorwa, na kubonyeza kwenye kibodi. Baadaye walipoonyeshwa herufi, zile walizoziandika wenyewe ndizo zilizoamsha sehemu za ubongo ambazo mtu mzima hutumia kusoma. Kubonyeza na kufuatisha hakukuleta matokeo hayo.

Kwa hiyo mtoto anayehangaika kuunda "m" kwa mkono wake anajifunza pia kusoma. Na ile "m" yake iliyopinda ina faida kwake kuliko iliyonyooka aliyoipata kwa kufuatisha vidoto tu.

Ni vizuri pia mzazi ajue anachotafuta. Mwandiko mzuri si lazima uwe wa kupendeza kama wa kadi ya mwaliko wa harusi. Una sifa tatu: unasomeka, hauumizi mkono, na unakwenda kwa kasi inayotosha mtoto asiachwe nyuma kwenye imla. Mtoto akizipata hizo, urembo ni nyongeza tu.

Mkono kwanza

"Samaki mkunje angali mbichi," husema wazazi wanaomkabidhi mtoto wa miaka mitatu penseli na daftari la mistari. Methali ni ya kweli, ila samaki wa kukunjwa katika umri huo ni mkono wenyewe. Herufi zitafuata.

Mtoto anapozaliwa, mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono bado ni gegedu, laini kama sehemu ya juu ya sikio. Hugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo huendelea mpaka anapokaribia miaka 12. Misuli midogo ya kiganja nayo hukomaa polepole. Ndiyo maana mtoto wa miaka miwili hushika chaki kwa ngumi nzima na kuchora kwa kutumia bega. Akikua, mwendo hushuka kwenye kiwiko, kisha kwenye kifundo, na mwishowe kwenye vidole. Mtoto anayelazimishwa kuandika herufi ndogo ndani ya mistari miembamba kabla vidole havijawa tayari hutafuta njia ya mkato: hukaza penseli kwa nguvu zote, huinua bega na kubana meno. Mazoea hayo yakishaota mizizi, kuyaondoa ni kazi.

Habari njema ni kwamba mazoezi ya kujenga mkono yamejaa kwenye nyumba za kawaida. Mtoto anayepukuchua mahindi anatumia dole gumba kama atakavyolitumia kwenye penseli. Anayechambua mchele anajifunza kubana kitu kidogo kwa ncha za vidole viwili. Anayekanda unga wa chapati anaimarisha kiganja. Kumenya karanga, kukamua ndimu, kubana nguo kwenye kamba kwa vibanio, kufunga vifungo vya shati la shule na kufunga kamba za viatu, yote hayo ni masomo ya mwandiko bila daftari.

Michezo nayo ina nafasi yake. Mdako, ule wa kurusha kijiwe juu na kuchota vingine shimoni kabla hakijatua, unafundisha jicho na vidole kufanya kazi kwa pamoja. Bao linafundisha kuachia kete moja moja bila kumwaga zote. Kutengeneza gari la boksi, kusuka nywele za mwanasesere na kufinyanga udongo ni mazoezi ambayo hakuna video ya simu inayoweza kuyafanya kwa niaba ya mtoto. Kidole kinachoteleza kwenye kioo hakipati kitu cha kubana wala cha kusukuma.

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, nusu saa ya kazi na michezo kama hiyo ina faida kuliko ukurasa mzima wa "a e i o u" ulioandikwa kwa machozi. Kama anataka kuandika mwenyewe, aachwe, lakini kwa ukubwa: kwa kijiti kwenye mchanga, kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, kwa kidole kwenye sinia lenye unga. Herufi kubwa huandikwa na mkono mzima, na mkono mzima ndio anaoumudu kwa sasa.

Kipande kifupi hushikika vizuri

Mtoto akifika miaka mitano au sita, vidole huanza kuwa tayari kushika penseli kwa namna inayofundishwa shuleni: kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ikiwa imeegemea kidole cha kati. Wazazi wengi hujaribu kumpanga mtoto vidole kimoja kimoja, na baada ya dakika mbili vinarudi vilipokuwa.

Njia rahisi ni kumpa kitu kifupi. Kipande cha chaki chenye urefu wa sentimeta tatu hakiwezi kushikwa kwa ngumi, kwa hiyo vidole hujipanga vyenyewe. Penseli iliyochongwa mpaka ikawa fupi kama kidole chake ni bora kuliko penseli mpya ndefu. Kama vidole viwili vya mwisho vinahangaika, akunje karatasi ndogo au pamba na kuibana navyo kwenye kiganja wakati anaandika. Vitatulia, na vile vitatu vya mbele vitafanya kazi.

Si lazima kila mtoto ashike vilevile. Wapo wanaotumia vidole vinne na bado mwandiko wao unasomeka na mikono yao haichoki. Dalili za kuangalia ni nyingine: vidole vinavyogeuka vyeupe kwa kukaza, karatasi inayotoboka, mtoto anayekung'uta mkono kila baada ya maneno mawili.

Mkao nao una uzito wake. Mtoto anayeandikia kwenye meza ya sebuleni huinama kama anayetafuta sindano, na anayekaa kwenye kiti cha mkubwa huning'iniza miguu. Mwili usipotulia, mkono hautatulia. Boksi gumu au ndoo iliyofunikwa ikiwekwa chini ya miguu inatosha. Anayeandika kwa mkono wa kulia alaze daftari kidogo, upande wa juu uelekee kushoto, na mkono ule mwingine ushike karatasi isicheze. Taa ya jioni iwe upande wa pili wa mkono unaoandika, ili kivuli kisifunike maneno.

Tazama safari ya penseli

Mzazi akikagua daftari, huona herufi zilizokwisha kuandikwa. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni njia ambayo penseli ilipita, na njia hiyo haionekani mpaka mzazi akae pembeni na kumtazama mtoto akiandika.

Wapo watoto wanaoandika "o" kwa kuanzia chini na kuzunguka kama mshale wa saa. Wapo wanaounda "m" kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye karatasi zinaonekana sawa, na mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumfuatilia kila mmoja. Lakini mtoto huyo akifika darasa la tatu na kutakiwa kuandika haraka, herufi zake huvunjika, kwa sababu kila moja inaanzia mahali pasipofaa na kuishia mbali na inayofuata.

Ni rahisi kufundisha njia kama herufi zitapangwa kwa mwendo wake. Kuna zinazoanza kama "c": a, d, g, o. Mtoto akiimudu "c", nusu ya kazi ya zile nyingine imekwisha. Kuna zinazoanza kwa kushuka moja kwa moja: i, l, t, j, u. Kuna zinazoshuka, zikapanda tena na kufanya upinde: n, m, h, r, b, p. Halafu kuna za mistari ya mshazari: v, w, y, z, ambazo ni ngumu zaidi na zinaweza kusubiri, pamoja na k na s.

Ukubwa nao unaweza kuelezwa kwa lugha ya mtoto. Mstari wa daftari ni ardhi. Herufi a, e, o na m ni watoto waliokaa chini. Herufi b, d, h, k na l ni watu wazima waliosimama. Herufi g, j, p na y zina mizizi inayozama ardhini kama muhogo. Mtoto akiielewa picha hiyo, ataona mwenyewe "p" yake inapoelea hewani.

Kabla ya kuanza haya, mzazi amuulize mwalimu ni umbo gani la herufi linalofundishwa darasani. Nyumba nyingi humfundisha mtoto jina lake kwa herufi kubwa tupu, AMINA, kisha shule inamtaka aandike Amina. Wengine humwonyesha mwandiko wa kuunganisha wakati darasa linaandika herufi moja moja. Mtoto anabaki katikati, na anaonekana mzito kuelewa kumbe ana walimu wawili wasioafikiana.

Baba anapokuwa dada

Kwa mtoto wa Kiswahili, kuchanganya "b" na "d" kuna kichekesho chake: "baba" anageuka "dada". Kugeuza herufi na tarakimu, kama 3 kutazama upande usio wake au 7 kupindukia nyuma, ni jambo la kawaida mpaka mtoto anapofika miaka saba hivi. Kikombe ni kikombe, mkono wake uwe kulia au kushoto, na mtoto hana sababu ya kudhani herufi ni tofauti mpaka afundishwe.

Dawa si kumcheka wala kumpa mistari mia moja. Kwanza, herufi hizo mbili zisifundishwe katika wiki moja. "B" izoeleke kabisa, ndipo "d" ije. Pili, njia zake zitofautishwe: "b" huanza na fimbo kisha tumbo, "d" huanza na tumbo, kama "c", kisha fimbo. Mkono ukikumbuka mahali pa kuanzia, jicho halitababaika.

Katika pwani na visiwani kuna jambo la ziada. Watoto wengi asubuhi huandika shuleni kutoka kushoto kwenda kulia, na jioni huandika Kiarabu madrasani kutoka kulia kwenda kushoto. Watoto humudu mambo hayo mawili, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hizi za sasa. Lakini akiwa amechoka anaweza kuanzia upande usio wake. Kidoto cha rangi ya kijani kwenye pambizo, mahali pa kuanzia, pamoja na daftari tofauti kwa kila kazi, vinatosha kumkumbusha.

Mkono wa kushoto si kosa

Takriban mtu mmoja kati ya kumi huandika kwa mkono wa kushoto. Hata hivyo bado kuna nyumba ambamo mtoto huyo hupigwa rula kwenye vidole, au mkono wake hushikwa na kuhamishiwa kulia kila anapookota penseli. Matokeo yake ni mtoto anayefanya kazi ngumu kwa mkono usio na ustadi, akiwa na hofu juu yake.

Adabu na kuandika vinaweza kutenganishwa. Bibi anaweza kuendelea kumfundisha mjukuu wake kula, kupokea na kusalimia kwa mkono wa kulia kama desturi inavyotaka. Penseli ibaki mkono ambao mwili umeuchagua.

Anachohitaji mtoto huyo ni marekebisho madogo. Ashike penseli juu kidogo kutoka kwenye ncha, ili aone anachoandika. Daftari lake lilale upande wa pili, juu kuelekee kulia, na mkono ukae chini ya mstari ili usifute maneno. Na shuleni, kama wanakaa wawili au watatu kwenye dawati moja, mzazi amwombe mwalimu amkalishe mwisho wa upande wa kushoto. Bila hivyo kiwiko chake kitagongana na cha jirani siku nzima, na yeye ndiye atakayeitwa mchokozi.

Dakika kumi zinatosha

Mtoto wa darasa la kwanza akishatoka shule ameandika vya kutosha. Nyumbani, dakika kumi kwa siku zinazidi kwa faida saa mbili za Jumapili. Herufi moja au mbili, mara tano au sita kila moja, kisha neno lenye maana. Mtoto anayeandika herufi moja mara hamsini huiandika vizuri mwanzoni, halafu huizoesha vibaya mara arobaini zilizobaki.

Kuandika kuwe na kazi. Aandike orodha ya sokoni: nyanya, vitunguu, sukari. Aandike jina lake kwenye boksi la vitu vyake, au barua ya mistari miwili kwa shangazi aliye mkoani, itumwe kweli hata kwa picha ya simu. Mtoto anayejua kwamba kuna mtu atasoma hujali kusomeka.

Kifutio kitumike kwa kiasi. Kila herufi ikifutwa, mtoto hujifunza kuogopa karatasi. Ni afadhali aandike mstari mzima, kisha aulizwe: "Ipi ni nzuri kuliko zote?" Aizungushie duara. Watoto wengi huchagua sawasawa, na mstari unaofuata hujaribu kuifanana ile.

Kuna mambo mawili ya kuacha kabisa. La kwanza ni kutumia kuandika kama adhabu. Mtoto aliyeandikishwa "sitarudia tena" mara mia moja amefundishwa kwamba kalamu ni kiboko. La pili ni kusema mbele yake, kwa wageni au kwa simu, "huyu mwandiko wake mbovu." Anasikia.

Msaada utafutwe lini

Mazoezi hayamalizi kila kitu. Mtoto anayesogeza uso karibu kabisa na daftari, anayefumba jicho moja au anayekosea kunakili ubaoni apimwe macho kabla ya kulaumiwa. Anayelalamika maumivu ya mkono, au ambaye amefika miaka minane akiwa hawezi kuandika jina lake likasomeka ingawa anajieleza vizuri kwa mdomo, apelekwe hospitali aonwe na daktari wa watoto. Wapo wataalamu wa tiba kazi, kada inayofundishwa pia KCMC, Moshi, ambao kazi yao ni kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, kuandika kukiwemo. Shida ya kuandika haipimi akili. Kuna watoto wenye hadithi nzuri kichwani ambazo mkono unashindwa kuzitoa, na wakati msaada unatafutwa, wapewe nafasi ya kuzisema.

Kwa wengine wote, kipimo kizuri ni rahisi. Kila mwisho wa mwezi, chukua ukurasa mmoja wa mtoto wako, andika tarehe nyuma yake na uuhifadhi kwenye bahasha. Baada ya muhula mmoja itandaze kurasa hizo sakafuni, mzitazame pamoja. Maendeleo ambayo hayaonekani kati ya Jumatatu na Ijumaa yataonekana hapo, na mtoto atakuwa wa kwanza kuyaona. Huo ndio ukurasa wa kulinganisha naye, wala si ule uliotumwa kwenye kundi.